Daftari linasema sikuwa na furaha, moyo unasema nilikuwa nayo. Nimwamini nani?

Mhesabu_Siku

Habari zenu ndugu. Nimekuwa nikisoma tu humu kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naomba mnisaidie kufikiri, maana jambo hili limenikaa moyoni miezi mingi.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 41. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulinganisha vitabu viwili, cha benki na cha kampuni. Visipolingana, natafuta mpaka nijue kosa liko upande gani. Sasa nina vitabu viwili vya maisha yangu mwenyewe. Havilingani, na kila nikitafuta kosa silioni.

Ilianza hivi. Nilisoma habari za Abd al-Rahman III, mtawala wa Kiislamu aliyetawala Cordoba, huko Hispania, kuanzia 912 hadi alipofariki 961. Inasimuliwa kwamba mwishoni alihesabu siku zote alizokuwa na furaha kamili, akapata 14. Karibu miaka 50 ya enzi, kisha siku 14. Hesabu hiyo ilinishika. Nikatafuta daftari, nikajiwekea sharti: mwaka mzima, kila usiku kabla sijazima taa, niandike namba moja kati ya 0 na 10, na kando yake maneno machache ya kueleza kwa nini. Sikuruka hata siku moja. Namba 365 zipo.

Machi ya mwaka huo mama yangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka. Alikuwa anaelewa kila kitu, macho yanaonyesha, lakini mdomo ukifunguka linatoka neno lilelile moja, "basi, basi", hata anapotaka maji. Nilihamia kwake. Mchana nilifanya kazi za ofisi nikiwa na meza ndogo pembeni ya kitanda chake. Usiku nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikambadilisha. Jambo hilo la mwisho lilimtia aibu mwanzoni, akawa anageuzia uso ukutani, nami nikawa natazama ukutani hukohuko ili tusionane. Alifariki Novemba.

Juzi nilikaa na lile daftari nikalipiga hesabu kama ninavyofanya vitabu vingine. Siku zenye 8 kwenda juu ni 23. Kati ya hizo, 19 sizikumbuki kabisa. Nimeandika "9" kwa mkono wangu, na kando "hoteli, kulala saa kumi, kimya", na hainijii hata rangi ya pazia. Miezi ya mama, Machi hadi Novemba, wastani wake ni 3.6. Kuna wiki nzima za 2.

Lakini mtu akiniambia leo, "chagua wiki moja ya maisha yako urudishiwe kama ilivyokuwa," sitagusa hizo 23. Nitaomba wiki moja ya Agosti, iliyojaa 3 na 2. Najibu bila kusita, na machozi yananilengalenga nikiandika hapa.

Swali langu ndilo hili. Aliyeandika 3 alikuwepo, aliona, aliandika siku ileile. Anayesema "zile zilikuwa siku zangu njema" anasema baada ya miaka miwili. Katika uhasibu hati ya siku ile ina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu. Na katika furaha je?

---

Pembeni

Pole sana kwa kumpoteza mama.

Dada, mimi nadhani hutapata kosa kwa sababu vitabu vyako viliandikwa na watu wawili. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia miaka mingi kwenye swali lako hasa. Alitenganisha nafsi inayopitia jambo na nafsi inayolikumbuka. Moja ya majaribio yake na wenzake, lililochapishwa 1993, ni rahisi kulieleza. Watu walitia mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakatia kwa sekunde 60 zilezile, kisha mkono ukabaki sekunde 30 zaidi, huku maji yakipashwa polepole kufika nyuzi 15, yaani bado yanauma ila kidogo kidogo yanapungua makali. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, 22 kati ya 32 walichagua lile refu. Maumivu zaidi! Kumbukumbu haikujumlisha sekunde. Ilishika kilele na mwisho, urefu ikauacha.

Kwa hiyo daftari lako linajumlisha, moyo wako haujumlishi. Wastani wa 3.6 ni kitu ambacho moyo haukijui kabisa.

Kuna kingine ambacho kitakugusa zaidi. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wa Texas waliokuwa na ajira waipitie siku yao ya jana tukio kwa tukio, waseme walijisikiaje. Kulea watoto kulikuja chini ya kutazama televisheni. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika, maana mimi ni baba wa watatu. Nikajiuliza ningeandika namba gani usiku ule mdogo alipokuwa na homa mpaka alfajiri. Ningeandika 1. Na usiku huo siutoi kwa chochote.

Hata zile orodha za nchi zenye furaha zina vitabu viwili. Ripoti ya furaha ya dunia inayotolewa tangu 2012 inamwambia mtu afikirie ngazi ya vidato 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora anayoweza kuyapata, chini ni mabaya kuliko yote, kisha aseme amesimama wapi. Kwa swali hilo Finland imeongoza kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025. Lakini Gallup, shirika la kura za maoni, wakiuliza jambo jingine, kwamba jana ulicheka, ulitabasamu, ulipumzika vizuri, nchi kama Paraguay ndizo zimewahi kuongoza. Swali likibadilika, jibu linahama bara.

Wewe kila usiku ulijiuliza swali la pili. Sasa unajijibu la kwanza.

---

Zamu_ya_Usiku

Mwanangu Mhesabu, pole. Mimi ni muuguzi, miaka 26, mingi yake usiku, kwenye wodi ambayo wagonjwa wengi hawatoki kwa miguu. Nakusihi usiifute ile 3.

Nasema hivi kwa sababu nimewaona wauguzaji wa nyumbani wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mgonjwa akiondoka, uchovu unaondoka naye. Kinachobaki ni uso wake na mkono wake. Baada ya mwaka au miwili mtu anasema "zile zilikuwa siku njema" na anasema kweli, lakini anazungumza akiwa amelala usingizi wake kamili. Yule wa Agosti aliamshwa mara nne kila usiku. Mwili usiolala hauna mahali pa kuweka furaha, hata ikiletwa mlangoni. Ile 3 ilikuwa inaomba msaada, na nahisi hakuna aliyekuja kukupokea zamu. Ukisema leo kwamba 3 ilikosea, utakuwa umemwacha peke yake mara ya pili.

Pembeni, nimekusoma, umeeleza vizuri. Ila maji baridi ni sekunde 90. Miezi tisa inavunja mgongo.

Nina swali. Umeandika kwamba kando ya kila namba uliweka maneno. Umejumlisha namba tu. Maneno ya Agosti umeyasoma?

Na jambo moja kwa wote wanaosoma. Daftari la mtu likikaa kwenye 0 na 1 kwa wiki mbili mfululizo, na kilichokuwa kinakupendeza hakikupendezi tena, usingizi umekimbia au umezidi, hilo si swali la falsafa. Ni sonona, inatibika, nenda kamwone daktari. Nimeona watu wakitafuta maana ya furaha kwa miaka wakati walichohitaji kwanza ni matibabu.

---

Bado_Nipo

Naandika saa tisa usiku. Namuuguza mume wangu, huu ni mwezi wa kumi na nne. Sina daftari, lakini ningekuwa nalo leo ningeweka 2.

Nimesoma yote. Mama muuguzi, ahsante kwa ulichosema kuhusu kupokea zamu. Nyie wengine naomba msiniambie nitaikumbuka hii kama wakati mzuri. Inawezekana ni kweli. Usiku wa leo hainisaidii. Watu wakija kunitazama husema "utabarikiwa", "utakuja kushukuru", kisha wanaenda kulala makwao. Nataka mtu mmoja aseme "hii ni 2" na akae nami kwenye 2 hiyo.

---

Kalamu_Nyekundu

Bado_Nipo, hii ni 2. Nimekusikia.

Mhesabu, nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka 30, na nimesoma swali lako nikiwa na kalamu mkononi kwa mazoea. Kosa lipo, ila limo kwenye kichwa cha safu. Uliandika nini juu ya safu ya namba? Nina hakika uliandika "furaha". Lugha yetu ina maneno kadhaa hapo, na yote hayapimwi kwa kipimo kimoja.

Raha ni mwili na nafsi kutulia. Kiti kizuri, usingizi, kivuli, maumivu yakikoma. Lilitoka kwenye neno la Kiarabu la kupumzika, na bado lina pumziko ndani yake. Ndiyo maana tunasema "raha jipe mwenyewe", kwa sababu kweli unaweza kujipa. Furaha ni kuchangamka kwa moyo, inakuja na habari au na mtu, inaonekana usoni, inapita. Halafu kuna heri. Heri hujipi. Tunaombeana: kila la heri, safari ya heri, na hata tunapoagana tunaachiana heri. Neno hilohilo ndilo tunalotumia kupima kipi ni bora: heri hili kuliko lile. Mtu anaposema "heri ningekaa naye" hasemi kwamba kukaa kungekuwa kutamu. Anasema kungekuwa bora.

Ile "9, hoteli, kulala saa kumi, kimya" ni raha tupu, na ulistahili kila saa yake. Miezi ya mama haikuwa na raha. Furaha ilikuwa nayo ya kuokoteza. Ulipoulizwa wiki ya kurudishiwa, ulipima heri. Usiku ulikuwa unapima raha, kwa sababu saa tano za usiku mtu aliyechoka hawezi kupima kitu kingine.

Sasa kisa kimoja cha kale, nivumilieni, ni udhaifu wa walimu kupenda visa. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba Solon, mwenye hekima wa Athens, alifika kwa Croesus, mfalme wa Lydia. Mfalme akamtembeza kwenye hazina zake zote, kisha akamuuliza ni nani mwenye heri kuliko watu wote aliowahi kuwaona. Alitazamia kusikia jina lake. Solon akamtaja Tellus, raia wa kawaida wa Athens aliyeona watoto wake wote wakikua na kupata watoto. Mfalme akauliza wa pili. Solon akawataja ndugu wawili wa Argos, Cleobis na Biton. Mama yao alitakiwa kufika hekaluni kwa sikukuu na ng'ombe wa kuvuta gari walikuwa hawajarudi kutoka shambani. Vijana wakajifunga nira wenyewe, wakamvuta mama yao stadia 45, kama kilomita 8. Walipofika, watu wakawazunguka kuwasifu, kisha vijana wakalala humo hekaluni na hawakuamka tena.

Wanaokinukuu kisa hiki hukimbilia ile hukumu ya Solon kwamba usimwite mtu mwenye heri mpaka uone mwisho wake. Hapo simfuati, maana kungoja kaburi ili ujue kama uliishi vizuri ni kuchelewa mno. Mimi hunishika kwingine. Solon akampigia mfalme hesabu: miaka 70, kwa kalenda aliyoitumia yeye, ni siku 26,250, na hakuna hata moja iliyofanana na nyingine. Alihesabu siku kama wewe, dada. Lakini hakuzitafutia wastani.

Nami humfikiria Biton kwenye kilomita ya tano, nira imemkata bega, vumbi puani. Mpe daftari hapo aandike namba.

---

Mhesabu_Siku

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifanya alichoniambia mama muuguzi. Nimesoma maneno.

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli, juu ya safu niliandika "FURAHA" kwa herufi kubwa, na nikapiga mstari chini yake.

Nitanakili machache ya Agosti kama yalivyo. "3. Hakulala, sikulala." "2. Amenipiga mkono nilipombadilisha. Akalia." "3. Kaimba." "3. Mgongo." "2. Nimempigia kelele. Aibu." "3. Kaimba ubeti wote, nimeitikia." "4. Kucha."

Lile "kaimba" nilikuwa nimelisahau, nikalisoma nikasimama. Mama aliyekuwa na neno moja tu mdomoni aliweza kuimba. Ilitokea kwa bahati tu, nilikuwa naimba mwenyewe nikikunja shuka, akaingilia katikati ya mstari kwa maneno kamili, yametoka safi kama ya mtu mzima wa afya. Tulitazamana wote wawili tumeshtuka. Alipotaka kusema jambo baada ya hapo, likarudi "basi, basi". Lakini kuanzia siku ile kila jioni tuliimba. Jina langu hakuweza kuliita tena mpaka anakufa. Alilifikia kwa wimbo tu, siku mbili, nilipolitia kwenye mstari nami nikanyamaza ili alimalizie yeye.

Na siku hiyo niliandika 3.

Sikudanganya. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Mama muuguzi, umesema kweli, hakuna aliyekuja kunipokea zamu, na Agosti ndipo nilipompigia kelele mgonjwa ambaye hakuweza kujibu. Moyo wangu ulikuwa umeifuta hiyo kabisa, daftari limeitunza. Ningemwamini moyo peke yake ningejisimulia kwamba nilikuwa mtoto mwema wakati wote. Ningeamini namba peke yake, nisingejua kwamba aliimba.

Ile 3 nimeiacha ilivyo. Nimechora safu nyingine pembeni, nimeandika juu yake "heri", na sijaijaza. Nimekaa nayo jioni tatu sasa. Sioni namba ya kuweka hapo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sioni vibaya kuacha safu tupu.

Bado_Nipo, ndugu yangu, samahani kama swali langu lilikukanyaga. Sitakuambia utakuja kushukuru. Kama unaye mtu yeyote, hata jirani, mwombe usiku mmoja kwa wiki, mwombe kwa jina la kazi: "njoo Ijumaa umgeuze saa nne, saa sita na saa nane". Mimi nilikuwa nasema "nimechoka", watu wakawa wananipa pole. Sikumwomba mtu saa maalumu, na najuta. Usiku wa leo niko macho, andika hapa wakati wowote.

---

Zamu_ya_Usiku

Nimesoma habari ya wimbo nikiwa zamu, nikatoka kidogo koridoni.

Jambo hilo tunaliona. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kuchukua usemi na kuacha uimbaji, na tangu 1973 kuna tiba ya usemi iliyojengwa juu ya hilo, ya kuwarudisha wagonjwa kwenye maneno kwa kuyaimba. Uliigundua mwenyewe ukikunja shuka, mwanangu.

Bado_Nipo, mume wako anageuzwa saa ngapi? Na wewe unakula saa ngapi? Anza na hilo la pili.

---

Bado_Nipo

Nimekula. Nimempigia shemeji simu nikamwambia Ijumaa, saa nne, sita, nane, kama ulivyoandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atakuja, hakujua kwamba huwa namgeuza usiku.

Amelala sasa. Naweka 4.